Hakimu Aliyeitwa Baba Robai

Tulipomaliza kumzika baba na wageni wakaanza kupungua, mama alilitoa uani sanduku la bati la marehemu akatuambia tugawane. Hapakuwa na mengi ya kugombania. Koti la suti, saa isiyokwenda, Biblia iliyofungwa kwa raba, miwani miwili. Chini kabisa, ndani ya mfuko wa plastiki uliokunjwa mara nne, lilikuwamo daftari la shule lenye jalada la buluu lililopauka. Nililinusa kabla ya kulifungua. Bado lilikuwa na harufu ya mafuta ya taa. Dada yangu Robai alipouona mwandiko wake mwenyewe, aliketi kwenye nyasi na gauni lake jeusi la matanga, akasema, "Kumbe mzee alikuwa nalo?"

Mimi nilijua alikuwa nalo. Mimi ndiye niliyemsomea.

Siku hizo tuliishi kwenye nyumba za kaunsili ya jiji la Nairobi, kando ya Jogoo Road, chumba kimoja na jiko la kushirikiana na familia mbili. Nyumba zilipangwa laini kwa laini, zikitazamana kwa karibu kiasi kwamba ukipiga chafya kwenu, unaombewa afya ng'ambo. Baba alifanya kazi katika kiwanda cha blanketi huko Industrial Area, na Jumapili alikuwa mzee wa kanisa. Yeye ndiye aliyesoma matangazo, kwa maana sauti yake haikuhitaji kipaza sauti. Kwa Kiingereza alikuwa msomaji wa polepole, lakini kwa Kiswahili akisema kitu kilikuwa kimesemwa.

Robai alikuwa kidato cha nne, mwenye akili za kupita zetu zote tukizijumlisha. Halafu akarudishwa nyumbani na barua kutoka shuleni, kwamba ni mjamzito. Baba aliisoma barua hiyo akiwa amesimama. Hakumpiga. Alichukua begi lake, akaliweka nje, akasema kwa ile sauti ya matangazo, laini nzima ikasikia: "Ukivuka kizingiti hiki, usikivuke tena nikiwa hai."

Robai alikivuka. Alikwenda kukaa kwa shangazi Jerida, dadake baba, aliyepanga chumba Majengo kule Pumwani. Alikiacha kitabu chake, akaliacha daftari lake, na mimi nikabaki na kitanda kizima peke yangu. Usidhani nilifurahi. Nililala ukutani kabisa, nikiuacha upande wake wazi.

Sasa, kuna jambo ambalo baba hakulifikiria siku ile. Kwetu mzazi huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Alimfukuza Robai, lakini yeye mwenyewe alibaki kuwa Baba Robai. Akitoka alfajiri kwenda kazini, "Baba Robai, umeamkaje?" Akirudi jioni, "Pole na kazi, Baba Robai." Muuza makaa, mchungaji, mpaka watoto wa barabarani. Alijaribu kuwaambia wamwite kwa jina langu, mimi wa pili, na watu wakaitikia vizuri kabisa, "Sawa sawa, Baba Robai." Mimi nilikuwa na miaka kumi, na nilimwona akiinamisha kichwa kidogo kila alipoitwa, kama mtu anayepita mlango mfupi.

Mwalimu Mbugua alikuja kwetu baada ya miezi mitatu. Alikuwa kijana mrefu aliyeendesha kikundi cha maigizo pale ukumbini mtaani, ukumbi ambao sote tuliuita soshal. Kila mwaka kikundi chake kiliigiza kitabu teule cha Kiingereza, ile tamthilia iliyotahiniwa kidato cha nne, na shule za jirani zilileta watahiniwa wao waone kwa macho yale waliyokuwa wakiyakariri. Mwaka huo tamthilia ilikuwa ya zamani sana, ya hakimu mmoja wa mji mdogo wa Uingereza ambaye binti yake anampenda mwana wa msaga unga. Hakimu anaogopa aibu. Anamfukuza. Msimu wa theluji binti anarudi kubisha mlango. Hakimu anashuka ngazi na taa mkononi, anashika komeo, na anasimama hapo bila kufungua mpaka kubisha kunakoma. Anapofungua hatimaye hakuna mtu, ni shali tu juu ya theluji. Binti amekufa kwa baridi.

Mwalimu Mbugua alikuwa amekosa hakimu. Yule wa kwanza alihamishwa kikazi kwenda Nakuru.

"Mzee, nahitaji sauti yako tu," alimwambia baba. "Maneno tutakufundisha."

Mama aliacha kusonga ugali akangoja kusikia baba akikataa. Baba aliuliza kitabu chenyewe ni kipi. Alipotajiwa, aliinua macho mpaka kwenye rafu, pale kitabu cha Robai kilipokuwa kimesimama na vumbi lake, akasema, "Nitajaribu." Mama alirudi kwenye ugali, na sikuelewa kwa nini aliusonga kwa nguvu vile.

Ndipo nikawa mwalimu wa baba. Alipotoka zamu ya saa kumi, alioga, akakaa kwenye stuli, nami nikasoma naye. Yeye alikuwa hakimu na mimi nilikuwa watu wengine wote: msaga unga, mke wa hakimu, kasisi, mbwa. Zaidi ya yote nilikuwa binti. Nilitoka nje, nikafunga mlango wetu wa kijani, nikabisha na kumlilia kwa Kiingereza nilichokielewa nusu, naye akawa ndani kimya, kama kitabu kilivyoagiza. Majirani waliokuwa wakianua nguo walinitazama wakatikisa vichwa.

Ninachotaka kusema hasa ni jinsi kitabu kile kilivyonitia hofu, ile hofu inayokufanya unyamaze ukiwa kanisani peke yako. Mwandishi wake alikuwa amekufa kabla babu ya babu yangu hajazaliwa. Alikuwa mzungu. Hakuwahi kuikanyaga Jogoo Road. Ilikuwaje basi aijue nyumba yetu? Alijua kwamba baba akikasirika hakunji ngumi, anazungusha pete kidoleni. Alijua kwamba mama anapolia hujifanya anatafuta kitu chini ya kitanda. Alijua kizingiti. Nilifikiri jambo hili siku nyingi, na mwisho nikapata jibu: Robai alikuwa na rafiki wa kalamu huko Uingereza, msichana wa mji fulani wenye jina refu, ambaye waliandikiana barua tangu kidato cha pili. Bila shaka Robai alimwambia mambo yetu, na yeye akawaambia watu wa vitabu, nao wakaandika. Kwamba kitabu kilikuwa kimetangulia kuandikwa kabla ya barua, hilo halikunisumbua hata kidogo. Mtu aliyeweza kutujua vile angeshindwa na nini?

Kwa hiyo niliamini, kwa moyo wote, kwamba kilichoandikwa mwishoni ndicho kitakachompata Robai.

Siku moja baba alikwama. Alisema hamwelewi hakimu. "Huyu mtu anataka nini? Anampenda mtoto au hampendi?" Mwalimu Mbugua alikuwa amemshauri asome maelezo ya wanafunzi, mahali wanapoandika wahusika na sifa zao, halafu maudhui. Baba alinyoosha mkono mwenyewe akalishusha daftari la buluu, akalifuta vumbi kwa kiganja, akanipa. "Soma, mama," alisema. Aliniita hivyo kwa kuwa nimepewa jina la mamake. "Soma halafu uniambie kwa Kiswahili."

Nilisogeza koroboi. Mwandiko wa Robai ulikuwa wa kalamu ya wino, umenyooka. Nikasoma na kutafsiri. Hakimu ana kiburi. Hakimu ni mkweli na mchapakazi, hajawahi kumla mtu haki yake. Hakimu anampenda binti yake kuliko mtu yeyote katika tamthilia, ila anaogopa majirani zaidi. Na kwenye maudhui: hakimu anafunga mlango ili aibu isiingie ndani, lakini upendo ndio unaobaki nje.

"Umeruka kitu," baba alisema.

Sikuwa nimeruka. Yaani, nilikuwa nimeruka. Pembeni mwa ukurasa, mkabala na sifa za hakimu, palikuwa na maneno mawili ya penseli, madogo sana.

"Hapo," baba alisema, akaweka kidole. Alikuwa ameyaona yeye mwenyewe na alitaka yasemwe na mdomo wa mtu.

"Imeandikwa 'kama Baba'," nilisema.

Nilingoja kofi. Mama, aliyekuwa akichambua mchele, alishika ungo usitoe sauti. Robai alikuwa ameandika maneno yale kabla ya mimba, kabla ya barua, darasani, katika siku ya kawaida tu, na nadhani hilo ndilo lililomuuma mzee kuliko yote. Aliondoa kidole ukurasani. Halafu akasema, "Endelea."

Basi tuliendelea, na baba akawa hakimu mzuri ajabu. Mwalimu Mbugua alikuja nyumbani kumshukuru mama. Kadiri alivyozidi kuwa mzuri ndivyo nilivyozidi kukosa usingizi, kwa kuwa onyesho lilikuwa Jumamosi na Jumamosi ingefika. Ilikuwa ile baridi ya Julai, ya manyunyu na pumzi inayoonekana. Nilijua theluji haianguki Nairobi, lakini nilijua pia kwamba aliyeandika kitabu kile hakuwa mtu wa kushindwa. Ijumaa, mama akiwa sokoni, niliichana karatasi ya mwisho ya kitabu, nikaitia jikoni juu ya makaa. Ilishika moto mara moja. Niliitazama mpaka ikawa majivu, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo nilihisi njaa.

Baba alirudi, akaoga, akafungua kitabu. Alipapasa pale karatasi ilipokuwa.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kudanganya kuhusu panya. Badala yake nililia kwa sauti. Nikamwambia kwamba akimaliza kukisoma kitabu Robai atakufa, kwamba binti hufia nje kwa sababu hakimu hushika komeo na hafungui, na mimi simtaki Robai afe, na kama hakuna karatasi basi haijaandikwa. Nilimwambia yote, makamasi yakinitoka. Majirani walisikia. Sikujali.

Baba alizungusha pete yake. Maneno ya mwisho alikuwa ameyakariri zamani, karatasi hakuihitaji tena, na hilo mimi sikulijua. Hakuniambia. Alinifuta pua kwa taulo lake mwenyewe, akakifunga kitabu, akatoka kwenda kusimama nje kwenye manyunyu bila koti.

Jumamosi mchana soshal ilijaa mpaka madirishani. Mbele walikaa wanafunzi na sare zao za kila rangi, kila mmoja na kitabu magotini na kalamu tayari. Nyuma walisimama watu wetu wa mtaa. Mama alikuwa amempaka baba unga wa ngano kichwani kwa mikono yake, polepole, hadi nywele zikawa nyeupe, na joho lilikuwa la kwaya ya kanisa. Viatu vya hakimu vya kumtosha havikupatikana, hivyo hakimu wa Uingereza alivaa akala za matairi ya gari kutoka Kariokor.

Katikati ya jukwaa palisimama mlango. Mlango wa kweli, na fremu yake, wa mbao zilizotoka kupakwa vanishi. Uliazimwa kwa fundi Njoroge, ambaye alikuwa ameshamuuzia mteja, kwa hiyo fundi mwenyewe alikaa safu ya kwanza kuulinda. Lakini ukuta haukuwapo. Kulia wazi, kushoto wazi. Mtu angeweza kuuzunguka kwa hatua mbili. Na hakuna aliyeuzunguka! Mke wa hakimu aliufungua akapita, kasisi akabisha akangoja, msaga unga akasukumwa nje yake akaanguka, na kila mtu ukumbini, pamoja na wahuni wa dirishani, alikubali kwamba pale pana nyumba. Sijawahi kuona kitu kikubwa zaidi ya hicho. Nimekwenda kwenye kumbi za maana tangu wakati huo, zenye viti vya mahameli, na sijawahi.

Baba alipoingia hakuna aliyecheka akala zake. Mimi mwenyewe sikumjua. Alisema maneno ya kumfukuza binti, na msichana mmoja nyuma yangu akanong'ona, "Manze, huyu buda ni mbaya," na nikaona fahari na aibu kwa pamoja.

Kisha ikafika. Taa zikapunguzwa. Pamba ikamwagwa kuwa theluji. Dada aliyeigiza binti, muuza mitumba wa Gikomba, akaja na shali yake akabisha mara ya kwanza. Hakimu akashuka na taa. Binti akabisha mara ya pili. Hakimu akashika komeo, akasimama.

Ukumbi ulikuwa kimya hata manyunyu yalisikika kwenye mabati. Na ndani ya kimya hicho Mama Wanjiru, jirani yetu wa mlango wa pili, muuza sukuma wiki, mwanamke aliyekuwa amesikia kila neno lililosemwa kwetu kwa miaka kumi na miwili, akaita kutoka nyuma:

"Baba Robai, si ufungue mlango!"

Watu walicheka. Mwalimu Mbugua alitokeza kichwa pazia likiwa shingoni, akaweka kidole mdomoni. Lakini mwingine akaita, "Fungua, Baba Robai, mtoto anaumwa na baridi!" Na mwingine. Wakawa wanaita laini nzima, muuza makaa, mama wa kanisa, na kicheko kikaisha na wao wakaendelea kuita, na hakuna hata mmoja aliyelitaja jina la hakimu. Binti akabisha mara ya tatu.

Niliuona mkono wa baba ukilibana komeo.

"Pole pole na hiyo komeo, ni mpya," fundi Njoroge alisema kwa sauti ndogo.

Baba akafungua.

Dada wa Gikomba alikuwa tayari ameanza kuondoka, kama alivyofundishwa. Aligeuka, mdomo wazi. Hakuwa na maneno ya kusema hapo, hayakuandikwa. Baba alisogea pembeni ya mlango, akampisha kama mgeni anavyopishwa. Yule dada alimtazama Mwalimu Mbugua, akamtazama baba, akajifuta pamba begani, akaingia. Ukumbi haukupiga makofi. Wanafunzi walifunua kurasa kwenda mbele na nyuma wakitafuta. Baba aliweka taa sakafuni. Halafu na yeye akatoka kupitia mlango ule ule, bila kuuzunguka, akashuka jukwaani, akapita katikati ya watu, akatoka nje ya soshal. Nilimkimbilia. Nyuma yetu nilimsikia Mwalimu Mbugua akipiga kelele, "Watahiniwa! Kwenye mtihani andikeni kama kitabu kinavyosema!"

Tulitembea mpaka Pumwani. Hakunishika mkono, ila kila tulipovuka barabara alisimama kuningoja. Joho lilipepea, unga ukaanza kulowa na kumtiririkia shingoni. Majengo walimdhania mhubiri. Mzee mmoja mwenye kofia ya kiua alimsalimu kwa heshima na kijana mmoja akamwambia, "Niaje, mzee wa koti?" Baba aliwaitikia wote. Mlangoni pa shangazi Jerida alisimama. Alikuwa na maneno mengi sana kichwani, sehemu nne nzima za Kiingereza, na yote yalikuwa ya hakimu. Aliinua mkono, akaushusha.

Nikabisha mimi.

"Nani?" Ilikuwa sauti ya Robai.

Baba alikohoa. "Ni Baba Robai," alisema.

Kukawa kimya upande wa ndani. Nilijua tu kwamba sasa mwenye komeo alikuwa yeye, na kwamba alikuwa na haki yote ya kutulia hapo mpaka tuchoke, na baba alijua pia, kwa kuwa alikuwa amevua akala zake kama mtu anayengoja kuitwa. Kisha mlango ukafunguka, na dada yangu akasimama na tumbo lake kubwa, akaziona zile nywele.

"Baba! Umezeeka hivi?"

Alinyoosha mkono akamgusa. Unga ukamganda kwenye vidole. Akautazama, akalitazama joho, akanitazama mimi, na mimi kwa pumzi moja nikamweleza kila kitu, mlango, pamba, Mama Wanjiru, komeo. Robai alisikiliza mpaka mwisho huku akitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yakimshuka, lakini alikuwa mtahiniwa hata hivyo.

"Lakini Baba, kwa kitabu hakimu hafungui," alisema. "Mtu akijibu hivyo kwa mtihani anapewa sifuri."

"Basi nipewe sifuri," baba alisema. "Leta begi twende nyumbani."

Alilibeba yeye mwenyewe, kichwani, kama wanawake wanavyobeba. Majirani walikuwa wamesharudi kutoka soshal, na tulipoingia kwenye laini yetu wote walikuwa wamesimama milangoni wakitutazama. Baba alitembea katikati yao, Robai kando yake, na hakuharakisha.